MATAJIRI, SOMO HILI NI LA BURE



Siku hizi matajiri wetu wamepata desturi mpya. Hualikana katika mahoteli makubwa, wakalipa pesa nyingi, wakakaa kusikiliza mawakili wakiwaeleza kwa nini wanashindwa kila mara katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ile ambayo sisi twaiita korti ya leba. Hunywa chai, huandika katika vitabu vyao, hupeana mikono, halafu hurudi viwandani. Kesho yake mtu mwingine azuiwa langoni.

Sisi hatuna hoteli. Tuna karatasi hii na wino wake. Lakini kesi hizo tumezisikiliza vile vile, tena tumezisikiliza tukiwa tumeketi upande wa mlalamikaji. Kwa hivyo leo twatoa somo hilo bure. Twawaandikia matajiri, lakini ninyi ndugu someni mpaka mwisho, maana somo la mwisho ni lenu.

WASEMAVYO MATAJIRI

Wasema korti yawapendelea wafanyi kazi. Wasema sheria imewafunga mikono, ati siku hizi tajiri hawezi kumfuta hata mwizi.

Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikumkataza tajiri kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 44 chataja wazi makosa makubwa: kuacha kazi bila ruhusa, kulewa mpaka huwezi kazi, kupuuza kazi, kutukana wakubwa, kukataa amri ya halali, kumtendea tajiri kosa la jinai. Sisi wa chama hatumtetei mlevi kwa ulevi wake wala mwizi kwa wizi wake. Jaji naye hamwulizi tajiri, "Je, mimi ningalimfuta mtu huyu?" Auliza mambo mawili tu. Je, kulikuwa na sababu ya haki? Na je, mtu huyu alisikilizwa kabla ya kufutwa? Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu Tume ya Kuajiri Walimu, korti ilieleza kwamba yote mawili lazima yawepo. Sababu nzuri bila kumsikiliza mtu, haitoshi. Kumsikiliza mtu bila sababu, haitoshi.

Basi shida ya matajiri ni nini? Shida yao ni kwamba bado wanaishi katika zama za zamani. Wazee wetu wazikumbuka. Korti ya kwanza ya mambo ya kazi ilianzishwa mwaka 1964, lakini kwa miaka mingi baadaye tajiri aliweza kumpa mtu notisi, au mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, akamwambia kwaheri bila kutoa sababu yo yote. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoyakomesha mambo hayo. Tena mwaka 2010 Katiba ikaja na kifungu cha 41, kinachosema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini. Sheria imebadilika, lakini manija hakubadilika. Bado aona kwamba kazi ni yake, ghala ni lake, lango ni lake, na mtu pia ni wake.

SOMO LA KWANZA: LANGO SI KORTI

Nitawaelezeni jambo nililoliona mimi mwenyewe nilipokuwa mjumbe wa wafanyi kazi. Jina la kampuni nitaliacha, na jina la mwenzetu pia.

Mwenzetu huyo alikuwa kuli katika ghala moja la Shimanzi, Mombasa. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 11. Jumatatu moja asubuhi alifika langoni, askari akamwambia, "Jina lako limekatwa." Nani amelikata? Askari hajui. Kwa sababu gani? Askari hajui. Viatu vyake vya kazi na glavu zake vilikuwa ndani. Alisimama pale mpaka saa sita mchana, jua likimpiga, akidhani labda kuna makosa katika karatasi.

Nilipopata habari nilikwenda kwa manija. Akanijibu bila kuinua macho, "Huyo ametoroka kazi." Nikamwambia, "Bwana Manija, mtoro wako yuko langoni. Ukifungua dirisha utamwona." Hakufungua.

Kesi ikaenda kortini. Tajiri akaleta barua ya kumwita mwenzetu kwenye kikao ili ajitetee. Barua nzuri, imepigwa chapa, ina muhuri. Lakini tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi, siku tatu baada ya Jumatatu ile ya langoni. Jaji akaisoma, kisha akamwuliza manija: Mtu aliyefungiwa lango Jumatatu, angaliingiaje Alhamisi ili ajitetee? Manija akamtazama wakili wake. Wakili akatazama karatasi zake.

Mwenzetu alishinda. Alipewa mshahara wa miezi minane, pesa za notisi, na pesa za likizo ambazo hakuwa amepewa. Lakini hayo yalichukua miaka minne. Katika miaka hiyo mtoto wake wa kwanza alitolewa shule akiwa kidato cha pili, na yeye mwenyewe akawa anauza makaa. Tajiri asema amelipa. Kweli, alilipa miezi minane. Ile miaka minne ililipwa na nani?

Matajiri, jifunzeni hapa. Askari wa lango hakuandikwa kufuta watu. Na tena, ukisema mtu ametoroka, korti itakuuliza ulifanya nini kumtafuta. Ulimpigia simu? Ulimwandikia? Ulimwuliza mjumbe wake? Mtu hawezi kutoroka kazi na huku yu langoni aomba kuingia.

SOMO LA PILI: KUSIKILIZA NI KWA MASIKIO

Kifungu cha 41 cha sheria kimeandikwa waziwazi hata mtoto wa shule aweza kukielewa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Shirika la Posta, ilikieleza kwa mambo manne. Mtu aelezwe sababu za kutaka kumfuta, kwa lugha anayoifahamu. Aelezwe ni kwa nini tajiri anafikiria kumwachisha kazi. Awe na mwenzake aliyemchagua mwenyewe, akiwa mfanyi kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Kisha yeye na mwenzake wasikilizwe, na maneno yao yafikiriwe kabla ya kukata shauri.

Tazameni neno hilo: kwa lugha anayoifahamu. Ni mara ngapi mwenzetu huitwa ofisini, akakuta watu watano mezani, wakasomeana Kiingereza cha kisheria kwa nusu saa, kisha akaambiwa, "Tia sahihi hapa"? Mtu huyo hakusikilizwa. Alionyeshwa tu namna wakubwa wanavyozungumza.

Tazameni pia neno jingine: kabla. Barua ya kufutwa ikiwa imekwisha kupigwa chapa na imo ndani ya droo ya karani, kikao hicho si kikao. Ni mchezo wa kuigiza, na majaji wamekwisha kuuona mara nyingi.

Kuna manija wengine wasemao, "Huyu yuko katika miezi ya kujaribiwa, hana haki ya kusikilizwa." Hao nao wako nyuma ya wakati. Mwaka 2021 majaji watatu wa korti ya leba walisema kwamba sheria iliyomnyima mtu wa majaribio haki ya kusikilizwa ilikuwa kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, mwaka 2012, Mahakama Kuu ilikwisha kusema vivyo hivyo juu ya kipengele kilichomtaka mtu awe amefanya kazi miezi 13 ndipo apate kushtaki kwamba amefutwa bila haki. Mtu ni mtu tangu siku ya kwanza ya kazi.

SOMO LA TATU: DAFTARI NI LAKO, NA MZIGO NI WAKO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tajiri hulijua neno hili anapohesabu magunia. Anapohesabu siku za likizo za wafanyi kazi, hulisahau.

Sheria yasema mfanyi kazi aonyeshe kwamba amefutwa bila haki, na tajiri ndiye athibitishe sababu ya kumfuta. Akishindwa kuithibitisha, kufutwa huko ni kwa dhuluma. Sheria yasema pia kwamba kuweka maandishi ya masharti ya kazi ni wajibu wa tajiri. Kukitokea ubishi na tajiri hana maandishi, ni juu yake kuyakanusha maneno ya mfanyi kazi. Lakini ni mara ngapi tumeona tajiri akifika kortini mikono mitupu, akisema daftari la mahudhurio limeliwa na mchwa, karani aliyejua mambo hayo ameacha kazi, na barua ya onyo ilitolewa kwa mdomo? Onyo la mdomo, notisi ya mdomo, likizo ya mdomo. Ni ajabu kwamba deni la duka la kampuni peke yake ndilo liandikwalo kwa wino.

SOMO LA NNE: KIBARUA WA MIAKA MITANO SI KIBARUA

Kibarua ni mtu anayelipwa kila siku jioni, na kazi yake haizidi siku moja moja. Kifungu cha 37 chasema akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kwa muda wa chini ya miezi mitatu, korti yaweza kumhesabu kuwa mtu wa mwezi, mwenye haki ya notisi na masharti mengine.

Matajiri walipoisoma sheria hii, hawakuwaandika vibarua wao. Walitafuta ujanja. Wengine huwasimamisha watu siku mbili kila mwezi ili mfululizo ukatike. Wengine huwapeleka kwa mkandarasi, ili mtu afanye kazi katika kiwanda kile kile, kwenye mashine ile ile, kwa msimamizi yule yule, lakini jina la tajiri katika karatasi liwe lingine.

Kuhusu ujanja huu wa pili, matajiri na watazame kesi ya Meta, wenye Facebook. Zaidi ya vijana 180 waliokuwa wakichuja picha na maneno ya kutisha hapa Nairobi, wakiwa wameandikwa na kampuni nyingine, walikwenda kortini mwaka 2023. Meta wakasema korti ya Kenya haina uwezo juu yao. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliikataa rufaa yao, ikaacha njia wazi kesi isikilizwe. Uamuzi huo haukuwapa vijana ushindi wa mwisho. Lakini ikiwa kampuni kubwa kama hiyo, yenye makao yake Marekani, haikuweza kujificha nyuma ya mkandarasi ili isifike mbele ya jaji wa Nairobi, wewe mwenye kiwanda cha sabuni utajificha wapi?

SOMO LA TANO: KUPUNGUZA WATU SI KUWAFAGIA

Kazi ikipungua kweli, sheria yamruhusu tajiri kupunguza watu. Lakini kifungu cha 40 kina masharti. Chama na ofisa wa leba wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja, pamoja na sababu na idadi ya watu. Watu wachaguliwe kwa kutazama muda wa kazi, ufundi, uwezo na uaminifu, si kwa kutazama nani alisimama kusema katika mkutano wa chama. Kila mtu alipwe malipo ya kuondoka, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi.

Mwaka 2012 Kenya Airways ilipunguza mamia ya wafanyi kazi, na kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, iliyotoa hukumu mwaka 2014. Twasema ukweli: korti hiyo iliiondoa amri ya korti ya chini ya kuwarudisha watu kazini. Lakini katika hukumu hiyo hiyo Jaji Maraga alieleza kwamba notisi kwa chama ina maana yake, nayo ni kushauriana, ili watafute pamoja namna ya kuepuka kufuta watu au kupunguza maumivu yao. Notisi si tangazo la kifo. Ni mwaliko wa mezani. Tajiri anayeleta orodha iliyokwisha kutiwa sahihi hakuja kushauriana. Amekuja kutuarifu tu.

HESABU KIDOGO

Matajiri hupenda hesabu, basi na tuwape hesabu. Mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi akifutwa bila haki, korti yaweza kuamuru alipwe mpaka miezi 12, yaani shilingi 240,000. Ongeza mwezi wa notisi, 20,000. Ongeza likizo zisizolipwa. Ongeza pesa za wakili wako, na za wakili wake ukiamriwa kuzilipa. Ongeza siku ambazo manija na karani wanakaa kortini badala ya kukaa kazini.

Sasa hesabu gharama ya kumsikiliza mtu: meza moja, viti vitano, saa moja, karatasi mbili. Ikiwa mtu ana makosa, utamfuta kwa haki na hatutakuwa na neno. Ikiwa hana makosa, utakuwa umeokoa mfanyi kazi mwema. Tajiri anayeona saa moja ni ghali lakini miaka minne kortini ni rahisi, huyo si mfanya biashara. Ana kiburi tu, na kiburi hakiingii katika vitabu vya hesabu mpaka siku ya hukumu.

SOMO LA MWISHO NI LETU

Ndugu wafanyi kazi, msifurahi mno. Kesi hizi zina mafunzo kwetu pia, na mengine ni machungu.

Kwanza, muda. Sheria yatupa miaka mitatu tu ya kushtaki. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia watu waliongoja mpaka kesi yao ya jinai iishe kabla ya kwenda korti ya leba. Walidhani muda ungehesabiwa tangu walipoachiliwa, lakini ulihesabiwa tangu walipofutwa. Ukifutwa leo, njoo chamani kesho. Usingoje.

Pili, sahihi. Mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, Mahakama ya Rufaa ilisema mtu aliyetia sahihi kwa hiari yake kwamba amelipwa na hana madai tena, amefungwa na sahihi yake. Wakikuwekea karatasi ya namna hiyo pamoja na bahasha ya pesa, sema, "Nitaisoma na mjumbe wangu." Njaa ni mbaya, lakini kalamu ya njaa ni mbaya zaidi.

Tatu, ushahidi. Mwaka 2017 wafanyi kazi 68 wa chumvi wa huko Pwani walifika Mahakama ya Rufaa wakiwa wameshinda chini, wakatoka wameshindwa. Korti iliwahesabu kuwa watu wa kazi ya kipande, tena ikaona hawakuonyesha vya kutosha kwamba walifanya kazi mfululizo. Basi kila mmoja wetu awe na daftari lake dogo. Andika siku uliyofanya kazi, msimamizi aliyekupa kazi, na pesa ulizopata. Weka ujumbe wa simu wa malipo. Tajiri akipoteza daftari lake, lako liwepo.

Nne, na hili ndilo kubwa. Korti hulipa pesa, lakini ni mara chache humrudisha mtu kazini, na baada ya miaka mitatu tangu kufutwa haiwezi kumrudisha. Yule mwenzetu wa Shimanzi alipata hukumu nzuri, lakini hakupata tena kazi yake, wala mtoto wake hakurudishiwa miaka ya shule. Kwa hivyo ushindi ulio bora haupatikani mbele ya jaji. Wapatikana katika kile chumba cha manija, siku ile ya kwanza, mwenzetu anapoitwa na mjumbe wetu akaingia pamoja naye, akavuta kiti, akasema, "Sheria yaniruhusu kuwa hapa. Twasikiliza."

Lakini mjumbe hawezi kuingia mahali pasipo na chama. Na hakuna chama ikiwa watu 200 wafanya kazi na 30 tu ndio wanaolipa ada, huku wengine wakingoja siku yao ya langoni ndipo waulize ofisi yetu iko wapi. Ofisi iko pale pale. Njoo kabla hujafutwa.

Kwa matajiri twamalizia hivi. Hatuombi hisani, wala hatuwaombi mwapende wafanyi kazi wenu. Twataka jambo moja dogo lililoandikwa katika sheria: kabla ya kumnyima mtu mkate wake, mwulize, kisha nyamaza, usikilize jibu. Mkifanya hivyo, mawakili wa hotelini watakosa kazi, na korti itapata nafasi ya kupumua. Msipofanya, tutaonana kortini, na sisi tutakuja na daftari.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi